Riwaya ya "Abbasa Dada yake Rashid" katika Mizani ya Tarikh na Fiqhi



  

Neno "riwaya" katika Kiarabu lina maana mbili. Kwa wanazuoni wa Hadithi, riwaya ni mapokezi: fulani kasikia kwa fulani, mpaka ifike kwa aliyeshuhudia. Kwa watu wa fasihi wa zama hizi za karibuni, riwaya ni kisa kirefu cha kubuni. Sisi Waswahili tumeichukua maana ya pili, na ile ya kwanza tumewaachia walimu wa darsa. Hatari huingia pale maana mbili hizi zinapochanganyika. Kisa cha kubuni huanza kubebwa kama mapokezi, kikapanda mimbari, kikawahukumu watu waliokwisha kutangulia mbele ya haki na ambao hawana tena ulimi wa kujitetea.

Katika makala hii tunachukua riwaya moja mashuhuri na kuitafiti mazingira yake: nani aliiandika, alichukua wapi habari zake, watu anaowataja walikuwa nani, na Sheria inasema nini juu ya jambo ambalo kisa kizima kimejengwa juu yake. Riwaya yenyewe ni "Al-Abbasa Ukht al-Rashid", yaani Abbasa dada yake Rashid, ya Jurji Zaydan, iliyochapishwa Cairo mwaka 1906. Tumeichagua kwa sababu watu wa pwani yetu wanamjua Harun Rashid tangu utotoni kutokana na Alfu Lela Ulela na hekaya za Abunuwasi. Msomaji wetu anaifungua riwaya hii akiwa na picha kichwani tayari, na kwa ajili hiyo ni rahisi kwake kuamini kila analolikuta humo.

MWANDISHI NA ZAMA ZAKE

Jurji Zaydan alizaliwa Beirut mwaka 1861 katika ukoo wa Wakristo wa Orthodoksi. Alisoma utabibu kwa muda mfupi katika chuo cha Wamisionari wa Kimarekani mjini humo, kisha akahamia Misri. Mwaka 1892 alianzisha jarida la "Al-Hilal" mjini Cairo. Kuanzia 1891 hadi alipofariki mwaka 1914 aliandika riwaya zaidi ya 20, nyingi zikihusu tarikh ya Uislamu: kufunguliwa kwa Misri, Karbala, Hajjaj bin Yusuf, Andalusi, Salahuddin na nyinginezo.

Zaydan hakuficha lengo lake. Katika utangulizi wa riwaya yake juu ya Hajjaj alieleza kwamba anataka kuwavuta watu wa kawaida waisome tarikh kwa njia ya kisa, na kwamba kwake yeye tarikh ndiyo inayoitawala riwaya, wala si riwaya inayoitawala tarikh. Tena alikuwa akitaja vitabu alivyovitegemea. Hili ni jambo la kumshukuru, maana mwandishi anayetaja chanzo chake amempa msomaji ufunguo wa kumkagua.

Wanazuoni wa zama zake walimkagua kweli. Shibli Nu'mani, mwanachuoni mkubwa wa Bara Hindi, aliandika kitabu cha kukosoa "Tarikh al-Tamaddun al-Islami" ya Zaydan, na ukosoaji huo ukachapishwa katika jarida la "Al-Manar" la Sheikh Muhammad Rashid Rida. Mwaka 1910 Zaydan aliteuliwa kufundisha tarikh ya Uislamu katika Chuo Kikuu cha Misri, lakini uteuzi huo ukaondolewa baada ya watu kupinga kwamba somo hilo lifundishwe na asiyekuwa Mwislamu.

Hata hivyo, insafu inatutaka tuseme jambo moja mapema. Kisa cha Abbasa hakikutungwa na Zaydan. Alikikuta kimo ndani ya vitabu vya Waislamu wenyewe, tena vitabu vikubwa. Anayetaka kumlaumu Zaydan peke yake hajautafiti vya kutosha mzizi wa jambo hili.

KISA KINAVYOSIMULIWA

Kwa ufupi kisa ni hiki. Khalifa Harun Rashid alikuwa hana subira ya kukaa mbali na waziri wake Ja'far bin Yahya al-Barmaki, wala mbali na dada yake Abbasa binti Mahdi. Akataka wote wawili wahudhurie baraza lake. Kwa kuwa Ja'far si maharimu wa Abbasa, Rashid aliwaozesha ili kutazamana kwao kuwe halali, kwa sharti kwamba Ja'far asimguse mkewe. Sharti likavunjwa. Abbasa akazaa mtoto, akampeleka Makka kwa siri, na siri ikafichuliwa. Rashid akamuua Ja'far na kuwaangamiza Mabarmaki wote.

Hakika ni kwamba Ja'far aliuawa, na Mabarmaki waliangamizwa. Juu ya hilo hakuna khitilafu. Mzozo uko katika sababu.

MABARMAKI WALIKUWA NANI?

Ukoo huu asili yake ni Balkh, katika nchi ambayo leo ni Afghanistan. Babu zao walikuwa wasimamizi wa Nawbahar, hekalu kubwa la Mabudha, na "Barmak" lilikuwa jina la cheo hicho. Baada ya kusilimu, Khalid bin Barmak aliwatumikia makhalifa wa mwanzo wa Bani Abbas. Mwanawe, Yahya bin Khalid, alimlea Harun na kumsimamia, hata Harun akawa anamwita baba. Harun na Fadhl bin Yahya walikuwa ndugu wa kunyonya.

Harun aliposhika ukhalifa mwaka 170 Hijria (786 Miladia), alimkabidhi Yahya mambo yote ya dola. Kwa miaka 17 Yahya na wanawe, hasa Fadhl na Ja'far, waliongoza ofisi za kodi, barua, majimbo na majeshi. Ibn Khaldun anataja kwamba watoto wa Yahya waliokuwa na vyeo vya upanga na kalamu katika dola walifikia 25. Walikuwa wakarimu, wapenzi wa elimu, na Ibn Khaldun anamtaja Fadhl kuwa ndiye aliyeshauri kutengenezwa karatasi kwa ajili ya maandishi ya serikali. Mali yao ilikuwa nyingi kupita kiasi: Tabari anataja kwamba nyumba ya Ja'far ilimgharimu dirhamu milioni 20.

Mwaka 186 H. (802) Rashid alihiji pamoja na wanawe Amin na Ma'mun, akatundika kwenye Al-Kaaba hati za kurithishana kwao ukhalifa. Aliporudi Iraq akateremka karibu na Anbar. Hapo, mwanzoni mwa mwaka 187 H. (mwishoni mwa Januari 803), alimtuma mtumishi wake Masrur usiku, akamkata Ja'far kichwa. Kichwa kiliwekwa kwenye daraja moja la Baghdad, na kiwiliwili kikapasuliwa vipande viwili vikawekwa kwenye madaraja mengine mawili. Yahya na Fadhl walifungwa, wakafa gerezani Raqqa, Yahya mwaka 190 H. na Fadhl mwaka 193 H., mwaka ule ule aliofariki Rashid mwenyewe.

Imepokewa kwamba dada yake mwingine, Ulayya, alimwuliza Rashid sababu ya kumuua Ja'far, akamjibu kuwa lau angejua kwamba kanzu yake inaijua sababu hiyo, angeichanachana. Iwe mapokezi hayo ni sahihi au si sahihi, yanaonyesha hali ya watu wakati ule: mwenye jambo alinyamaza. Na mwenye jambo akinyamaza, soko husema.

SANADI YA KISA

Kitabu kikubwa cha mwanzo tunachokitazama ni "Tarikh" ya Imam Ibn Jarir al-Tabari, aliyefariki mwaka 310 H. (923). Tabari anakusanya sababu kadhaa zilizosemwa, na kisa cha Abbasa ni moja kati yake. Anakipokea kutoka kwa Ahmad bin Zuhayr, na inasemwa kwamba huyu naye, kwa kudhani, kakipokea kwa ami yake Zahir bin Harb. Neno "kwa kudhani" limo ndani ya sanadi yenyewe. Kisha Zahir hatajwi kuwa alihudhuria, wala hasemi alisikia kwa nani. Kwa mwanafunzi wa Hadithi hili linatosha kumsimamisha. Sanadi ina shaka katika kiungo kimoja, na baada ya kiungo hicho imekatika.

Isisemwe kuwa Tabari kakithibitisha kwa kule kukitaja. Tabari mwenyewe, katika utangulizi wa kitabu chake, ameweka wazi kwamba yeye ananukuu yaliyomfikia, na kwamba msomaji akikuta habari ya kuchukiza au isiyokubalika, ajue imetoka kwa wapokezi, si kwake. Wengi wanaosema "Tabari kasema" hawajausoma utangulizi huo.

Mas'udi, aliyefariki mwaka 345 H. (956), katika "Muruj al-Dhahab" anakieleza kisa kwa urefu zaidi. Humo anaingia mama yake Ja'far anayemleta Abbasa kwa mwanawe akiwa na sura ya kijakazi, na anaingia Zubayda mke wa Rashid anayeifichua siri. Hapa tuzingatie: kadiri tunavyozidi kuwa mbali na tukio, ndivyo kisa kinavyozidi kunona. Mazungumzo ya chumbani yanajulikana neno kwa neno, na mpokezi wake hajulikani. Hiyo ni alama ya hekaya.

Dhidi ya hayo yapo mapokezi mawili ambayo wasimulizi wa hekaya huyapita haraka. La kwanza ni la Jahshiyari, aliyefariki mwaka 331 H. (942), mwandishi wa kitabu cha mawaziri na makatibu. Anaeleza kwamba Masrur, yule yule aliyetumwa kumuua Ja'far, aliulizwa baadaye juu ya sababu. Masrur akauliza kama mwulizaji anakusudia yale wanayoyasema watu wa kawaida juu ya yule mwanamke. Kisha akaapa kwamba maneno hayo hayana asili, na kwamba sababu ilikuwa ni mabwana kuchoka na kuhusudu.

La pili liko kwa Tabari mwenyewe. Linatajwa kutoka kwa Abu Muhammad al-Yazidi, mwalimu wa Ma'mun, mtu aliyeishi ndani ya zama zile na aliyesifiwa kuwa na ujuzi wa habari za watu wale. Yeye alisema kwamba anayedai Ja'far aliuawa kwa sababu nyingine isiyokuwa ya Yahya bin Abdallah asisadikiwe. Tukisimama juu ya insafu, sanadi ya neno hili nayo si kamili. Lakini linanasibishwa kwa mtu wa karibu na tukio, na linaafikiana na mambo mengine yanayojulikana, kama tutakavyoona.

Ibn Kathir pia, baada ya kukitaja kisa, anaeleza kwamba wako wanazuoni wanaokikanusha ingawa Ibn Jarir amekitaja.

ABBASA MWENYEWE

Riwaya humfanya Abbasa kuwa kama msichana anayefichwa, anayeonja mapenzi kwa mara ya kwanza. Tarikh inatuonyesha mtu mwingine. Ibn Qutayba, aliyefariki mwaka 276 H. (889), anawataja waume zake. Aliolewa na Muhammad bin Sulayman, gavana wa Basra, aliyefariki mwaka 173 H. (789). Kisha akaolewa na Ibrahim bin Salih, kisha na Muhammad bin Ali bin Dawud. Wote ni watu wa ukoo wa Abbas, na wote walikufa kabla yake, hata mshairi Abu Nuwas akalifanyia utani jambo hilo katika beti zake.

Tulitazame vyema. Huyu ni mwanamke mtu mzima, aliyezungukwa na waume wa ukoo wake, ambaye ndoa zake zilijulikana mpaka kwa washairi. Utani wa Abu Nuwas unasimama juu ya waume waliojulikana kwa watu. Katika orodha hiyo Ja'far hayumo.

Na hapa tuongeze faida moja kwa wasomaji wa Kiswahili. Abu Nuwas wa tarikh, Hasan bin Hani, ni mshairi aliyezaliwa upande wa Ahwaz na akawa karibu na Khalifa Amin. Si yule Abunuwasi mjanja wa hekaya zetu. Jina ni moja, watu ni wawili. Ikiwa hayo yametokea kwa mshairi, kwa nini yasitokee kwa Abbasa?

HOJA YA IBN KHALDUN NA MPAKA WAKE

Mwanachuoni aliyekipinga kisa hiki kwa nguvu zaidi ni Ibn Khaldun (732–808 H. / 1332–1406) katika "Muqaddima". Amekitaja kuwa mfano wa habari ambazo wanahistoria wamezinukuu bila ya kuzipima. Hoja yake ina pande mbili. Upande wa kwanza ni nasaba: Abbasa ni binti wa khalifa na dada wa khalifa, na baina yake na Abdallah bin Abbas (r.a.) kuna wanaume wanne tu. Atakubalije kuwa na siri na mawla wa Kiajemi? Upande wa pili ni dola: Mabarmaki waliyashika mambo yote, wakazuia hata mali ya kodi, mpaka khalifa akawa akitaka fedha kidogo hazipati kwa wepesi. Wivu wa utawala na fitina za mahasimu ndivyo vilivyowaangamiza.

Upande wa pili wa hoja hii una nguvu. Upande wa kwanza, pamoja na heshima yetu kwa Ibn Khaldun, haitoshi kuwa dalili. Nasaba haimkingi mtu na dhambi, na Uislamu umetufundisha kwamba ubora ni kwa taqwa. Tukimsafisha Abbasa kwa sababu ya ukoo wake tu, tutakuwa tumewaacha bila kinga wanawake wasio na ukoo. Abbasa anasafishwa kwa kanuni ile ile inayomsafisha mwanamke yeyote Mwislamu: asili ni usafi wake, na anayedai kinyume chake ndiye anayedaiwa ushahidi. Sura An-Nur, aya ya 4, imetaka mashahidi wanne, na imeweka adhabu ya viboko 80 kwa anayesingizia akashindwa kuwaleta. Aya ya 12 ya sura hiyo hiyo inawalaumu waumini ambao hawakuwadhania wenzao kheri waliposikia uvumi.

FIQHI YA NDOA ILIYOMO NDANI YA KISA

Sasa tukichukue kisa kwa dhana tu, tuseme kilitokea kama kilivyosimuliwa. Je, Abbasa na Ja'far wangekuwa wazinifu? Watu wengi wanaosimulia kisa hiki hawakujiuliza swali hili, nalo ndilo swali la fiqhi.

Sharti la kutokuingiliana ni sharti linalopingana na lengo la ndoa. Kwa madhehebu ya Abu Hanifa, ambayo ndiyo iliyokuwa ikihukumu Iraq wakati wa Rashid, ndoa haibatiliki kwa sharti fasidi. Sharti huanguka na ndoa husimama. Mahanbali nao wanasema ndoa inasihi na sharti linabatilika. Kwa Maliki, ndoa ya namna hii huvunjwa kabla ya kuingiliana, na ikishaingiliwa huthibiti na sharti likaanguka. Katika madhehebu yetu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, walii akiweka sharti la mume kutomwingilia mkewe, ndoa hubatilika. Lakini anayemwingilia mwanamke katika ndoa anayoiamini kuwa sahihi ana shubha. Hapigwi hadi, na mtoto hunasibishwa kwake.

Matokeo yake ni haya: kwa madhehebu zote nne, hata tukikikubali kisa neno kwa neno, hakuna zinaa ndani yake na mtoto si wa haramu. Mume na mke walikutana. Aliyekosea ni aliyeweka sharti lisilokubalika. Basi anayeisoma riwaya hii kisha akatoka akisema kuwa dada ya khalifa alizini, amekosa mara mbili: ameithibitisha habari isiyothibiti, na ameihukumu kwa hukumu isiyokuwa yake.

Kisha kisa chenyewe kinajipinga. Kinamwonyesha Rashid mwenye kujali hukumu ya kutazama asiye maharimu hata akafunga ndoa kwa ajili yake, na papo hapo kinamweka yeye, dada yake na waziri wake katika baraza la ulevi. Mtu aliyekuwa na Kadhi Mkuu kama Abu Yusuf (aliyefariki 182 H.), aliyemwandikia "Kitab al-Kharaj", hakukosa wa kumwambia kwamba sharti kama hilo halina nguvu.

JAMBO LILILOFUNIKWA NA HEKAYA

Turudi kwa Yahya bin Abdallah, aliyetajwa na Yazidi. Huyu ni mjukuu wa Hasan bin Hasan bin Ali (r.a.). Aliponea vita vya Fakh karibu na Makka mwaka 169 H., akaenda Daylam, na mwaka 176 H. (792) akasimama dhidi ya Rashid. Fadhl bin Yahya alipelekwa na jeshi, lakini akamaliza jambo kwa suluhu. Rashid akaandika hati ya amani, wakaishuhudia mafakihi, makadhi na wakubwa wa Bani Hashim. Yahya akaja Baghdad kwa hati hiyo.

Baadaye Rashid alimshuku, akataka kuitangua hati. Akaitwa Muhammad bin Hasan al-Shaybani, mwanafunzi wa Abu Hanifa. Akaisoma na kusema kwamba amani ni sahihi. Rashid akachukia. Akaja Abu al-Bakhtari Wahb bin Wahb, mtu ambaye wanazuoni wa Hadithi wamemtia katika waongo, akasema hati imebatilika, na akaichana. Yahya akafungwa. Kwa mujibu wa mapokezi ya Tabari, Ja'far ndiye aliyekabidhiwa mfungwa huyo, akamhurumia na kumwachia kwa siri. Fadhl bin al-Rabi', hasimu wa Mabarmaki, akampelekea Rashid habari. Rashid alipomwuliza, Ja'far mwanzo alificha, kisha akakiri. Rashid akamwonyesha kuridhika, na moyoni akaazimia kumuua.

Hofu ya dola kwa Ahlul Bayt wakati ule ilikuwa ya kweli. Imam Shafi mwenyewe aliletwa kutoka Yemen mwaka 184 H. akituhumiwa kuwaunga mkono, akaokoka, na Shaybani ni katika waliomtetea.

Hatusemi kwamba hii ndiyo sababu pekee. Mali, vyeo, husuda na hofu huweza kukusanyika, na dola haiangushi nguzo yake ya miaka 17 kwa jambo moja. Tunachosema ni kuwa hapa pana suala zito la kidini: ahadi ya amani iliyoandikwa na kushuhudiwa, mwanachuoni mmoja aliyeisimamia haki mbele ya khalifa mwenye hasira, na mwingine aliyeiuza fat-wa. Sura Al-Maida inafunguka kwa kuamrisha kutimiza ahadi. Umma ungekuwa na mengi ya kujifunza lau kisa kilichoenea misikitini na barazani kingekuwa cha hati ile iliyochanwa. Badala yake kilichoenea ni kitanda cha Abbasa.

MAZINGIRA YA UTAMADUNI

Mtafiti wa riwaya hatazami watu tu, bali pia mahali na desturi. Tutaje mambo mawili.

La kwanza ni mji. Hekaya zimemweka Rashid Baghdad daima, akizunguka mitaani usiku pamoja na Ja'far na Masrur. Ukweli ni kwamba kuanzia mwaka 180 H. (796) Rashid aliifanya Raqqa, kwenye mto Furati, kuwa makao yake, karibu na mpaka wa Warumi aliokuwa akipigana nao. Ndiyo maana gereza la Mabarmaki lilikuwa huko.

La pili ni kinywaji. Vitabu vinasema Rashid alikunywa "nabidh", na wafasiri wakaandika "mvinyo". Katika fiqhi ya watu wa Iraq wa zama zile, nabidh ya tende isiyofikia kulevya ilikuwa na khitilafu mashuhuri, ingawa jumhuri waliiharamisha inayolevya, nyingi yake na chache yake. Ibn Khaldun amelitumia jambo hili kumtetea Rashid, akakumbusha kwamba imepokewa alikuwa akisali rakaa 100 za sunna kila siku, akihiji mwaka mmoja na kupigana jihadi mwaka wa pili. Asiyejua istilahi za fiqhi hawezi kufasiri mazingira ya riwaya hii kwa usalama.

MWONGOZO KWA MSOMAJI WA RIWAYA

Kutokana na mfano huu tunaweza kutoa kanuni chache.

Kwanza, mwandishi ajulikane, na zama zake, na lengo lake. Pili, vyanzo vyake vifuatwe mpaka vitabu vya asili, na ndani ya vitabu hivyo itazamwe sanadi, si ukubwa wa jina la kitabu. Tatu, matini ipimwe kwa tarehe, umri, mahali na hukumu za Sheria zilizokuwa zikitumika. Nne, mazungumzo ya faragha yasiyo na shahidi yahesabiwe kuwa ni ya kubuni mpaka yathibiti. Tano, kipimo kiwe kimoja kwa wote. Ali Ahmad Bakathir, Mwislamu mwenye asili ya Hadhramaut, ameandika "Wa Islamah" juu ya Sultan Qutuz na vita vya Ain Jalut vya mwaka 658 H. (1260). Ni riwaya yenye ghera ya dini, lakini mapenzi ya Qutuz na Jihad yaliyomo humo ni ya riwaya pia. Haifai tumkague Zaydan kwa sababu ni Mkristo, kisha tumwachie Bakathir kwa sababu ni wetu.

Hatusemi riwaya ziharamishwe, wala kijana anyang'anywe kitabu. Riwaya nzuri humfungulia mlango wa tarikh mtu ambaye asingeufungua kwa kitabu cha Tabari chenye mijaladi mingi. Tunachotaka ni kwamba akishaingia mlangoni aoneshwe nyumba ilivyo. Imamu akiulizwa juu ya Abbasa asijibu "ni uongo wa makafiri", kwa kuwa kisa kimo katika vitabu vyetu, wala asijibu "kimo ndani ya Tabari" akanyamaza. Aseme: kimetajwa, sanadi yake haisimami, wako walioshuhudia zama zile waliokikanusha, na hata kama kingethibiti, kisingekuwa zinaa.

Na yule khatibu aliyezoea kukitoa kisa hiki kuwa mawaidha juu ya hatari ya kuchanganyika wanaume na wanawake, tunamnasihi atafute mfano mwingine. Dalili za Qur'ani na Sunna katika mlango huo zinamtosha bila ya kumtoa kafara mwanamke Mwislamu aliyekufa zaidi ya miaka 1,200 iliyopita. Katika Sahih Bukhari, kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.), Mtume (S.A.W.) amekataza kuwatukana maiti, kwa kuwa wamekwisha kuyafikia waliyoyatanguliza. Na Bibi Aisha anajua kuliko wengi uzito wa uvumi juu ya mwanamke msafi.

Abbasa binti Mahdi hatatusikia tukimsema wala tukimtetea. Lakini kila tunapokaa kusimulia, malaika wanaandika, na siku ya kusimama mbele ya Mola wetu hatutaulizwa kama kisa kilikuwa kitamu. Tutaulizwa tulikipata kwa nani.

Wallahu a'lam.